Toyota au Subaru: Ulinganisho kwa Anayenunua Gari Lililotumika kutoka Japani

Mtu anayetafuta gari la familia lililotumika kutoka Japani, awe Nairobi, Arusha, Mbeya au Kampala, mara nyingi hujikuta orodha yake imebaki na majina mawili, Toyota na Subaru. Hapo ndipo ushauri huanza kumiminika. Jirani humwambia kwamba Toyota haifi, mpwa humwambia kwamba aliyewahi kuendesha Subaru hakubali tena gari jingine, na fundi huuliza kwanza ni injini gani kabla ya kusema lolote. Katika hao watatu, fundi ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, lakini hata swali lake lina historia nyuma yake. Naamini kwamba sifa na udhaifu wa magari haya vilizaliwa pamoja na kampuni zenyewe, na kwamba mnunuzi anayejua zilikotoka anaelewa vizuri zaidi atakachokuwa akilipia kila mwezi.

Maoni yangu nayatoa mapema ili msomaji ayapime anapoendelea. Kwa wanunuzi wengi wa Afrika Mashariki, Toyota ndiyo chaguo linalofaa. Hata hivyo yupo mnunuzi ambaye Subaru inamfaa kuliko Toyota, naye si kijana anayetafuta mwendo kasi na mlio wa ekzosi, kama wengi wanavyodhani. Ni mtu mzima anayeishi mwisho wa barabara ya udongo inayoteleza, aliye na fundi anayemwamini, na anayefanya matengenezo kabla gari halijadai.

Mfumaji na mtengeneza ndege

Toyota haikuanza na magari. Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala, alitumia maisha yake kuboresha mitambo ya kufuma nguo, na mtambo wake mashuhuri zaidi, uliokamilika mwaka 1924, ulikuwa na tabia moja iliyokuja kuwa msingi wa kampuni nzima: uzi ukikatika, mtambo husimama wenyewe, usije ukaendelea kufuma nguo yenye kasoro. Mwaka 1929 haki za mtambo huo ziliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza. Mwanawe, Kiichiro, ambaye moyo wake ulikuwa kwenye magari, akafungua idara ya magari ndani ya kiwanda hicho hicho cha mitambo ya kufumia mwaka 1933. Lori la kwanza, G1, lilitoka mwaka 1935, gari la abiria la AA likafuata mwaka 1936, na mwaka 1937 Toyota Motor ikaundwa kuwa kampuni inayojitegemea. Jina la ukoo, Toyoda, liligeuzwa kuwa Toyota, na mojawapo ya sababu zinazotajwa ni kwamba kwa herufi za Kijapani jina jipya huandikwa kwa mikato 8 ya kalamu, idadi ambayo Wajapani huihesabu kuwa ya heri.

Baada ya vita kampuni hiyo ilikaribia kufilisika. Mwaka 1950 wafanyakazi waligoma kupinga kupunguzwa kazini, Kiichiro akajiuzulu, na kilichoiokoa Toyota ni oda za malori kutoka jeshi la Marekani wakati wa vita vya Korea. Ni katika ufukara wa miaka ile ambapo Eiji Toyoda na mhandisi Taiichi Ohno walijenga utaratibu ambao leo unasomwa katika vyuo vya biashara duniani kote. Kiwanda kisicho na fedha za kulundika vipuri ghalani kilijifunza kutengeneza kile tu kinachohitajika, kwa kiasi kinachohitajika, wakati kinapohitajika, na mfanyakazi yeyote akapewa ruhusa ya kusimamisha mstari mzima wa uzalishaji akiona kasoro. Wazo ni lile lile la uzi uliokatika. Wanaosema kwamba Toyota haifi hudhani siri iko kwenye ubora wa chuma chake, lakini siri iko zaidi kwenye mazoea hayo ya kuizuia kasoro isisafiri kutoka mkono mmoja wa mfanyakazi hadi mwingine.

Subaru ilitoka upande mwingine kabisa. Mwaka 1917 Chikuhei Nakajima, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, alianzisha karakana ya ndege katika mji wa Ota, mkoani Gunma, na karakana hiyo ikakua kuwa mojawapo ya viwanda vikubwa vya ndege za kivita nchini Japani. Ndege ya Hayabusa ilibuniwa hapo, na hata ndege ya Zero, iliyobuniwa na Mitsubishi, kwa sehemu kubwa ilitengenezwa na Nakajima. Japani iliposhindwa vitani mwaka 1945 utengenezaji wa ndege ulipigwa marufuku, kampuni ikagawanywa vipande vipande, na wahandisi waliozoea kupima kila gramu ya uzito wa ndege wakajikuta wanatengeneza pikipiki ndogo iliyoitwa Rabbit. Mwaka 1953 baadhi ya vipande hivyo viliungana tena chini ya jina la Fuji Heavy Industries, na rais wake wa kwanza, Kenji Kita, akalipa gari la kampuni jina la Subaru.

Kwa msomaji wa Kiswahili jina hilo si geni kama linavyosikika. Subaru ni jina la Kijapani la kundi la nyota ambalo sisi tunaliita Kilimia, lile ambalo wakulima wa pwani walilitazama ili kujua majira ya kulima, na ambalo wazee walisema kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kwa Kijapani neno hilo lina pia maana ya kukusanyika pamoja, na ndiyo maana nembo ya gari ina nyota sita, moja kubwa na tano ndogo, zikiwa ukumbusho wa kampuni zilizoungana. Kila ninapoiona nembo hiyo barabarani huwa nasikitika kidogo kwamba wengi wetu tunaendesha magari yenye Kilimia kwenye pua bila kujua kwamba tunakifahamu.

Mbegu ya uhandisi wa ndege haikupotea. Subaru 360, gari dogo lililotoka mwaka 1958 chini ya usimamizi wa mhandisi Shinroku Momose, lilikuwa na bodi nyepesi isiyo na chesisi tofauti, kama ganda la ndege. Mwaka 1966 likaja Subaru 1000 lenye injini ambayo kampuni haijaiacha hadi leo, yaani injini ya boksa, ambayo pistoni zake hulala kushoto na kulia, zikienda nje na kurudi ndani kwa pamoja kama ngumi za wanamasumbwi, badala ya kusimama wima. Injini iliyolala hivyo hukaa chini, uzito wa gari hushuka karibu na ardhi, na gari halipepesuki kwenye kona.

Jambo la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalomhusu mnunuzi wetu zaidi, lilitokana na ombi la mteja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika la umeme la Tohoku, kaskazini mwa Japani, lilihitaji gari ambalo mafundi wake wangeweza kulipanda wakati wa theluji bila kuteseka kwa baridi na mtikisiko wa magari ya aina ya jeep. Wakala wa Subaru wa mkoa wa Miyagi alichukua gari la kawaida na kuliongezea mvuto wa magurudumu ya nyuma, na mwaka 1972 kampuni ikatoa Leone ya magurudumu manne, mojawapo ya magari ya kwanza ya abiria ya aina hiyo kutengenezwa kwa wingi. Theluji ya Tohoku na tope la Kinangop au Lushoto ni ndugu wa karibu katika macho ya tairi.

Toyota nayo ina gari lake la milimani, lakini lilizaliwa kwa njia tofauti. Mwaka 1951 iliunda gari la aina ya jeep lililoitwa BJ, likapanda mlima Fuji hadi kituo cha sita, polisi wa Japani wakaliagiza, na mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser. Tofauti hiyo ni ya msingi. Toyota ilitengeneza gari maalumu kwa barabara mbaya na gari jingine kwa barabara nzuri, wakati Subaru ilijaribu kuviweka vyote viwili katika gari moja la nyumbani.

Ukubwa wa kampuni nao una maana kubwa kwa mnunuzi. Toyota pamoja na kampuni zake tanzu huuza zaidi ya magari milioni 10 kwa mwaka, huku Subaru ikiuza takriban milioni moja, na zaidi ya nusu ya hayo huishia Marekani. Ni tofauti ya mara kumi, nayo utaiona kila utakapokwenda kununua kipuri. Aidha, kampuni hizi si wageni kwa kila mmoja: Toyota ilinunua hisa za Subaru mwaka 2005, ikaziongeza mwaka 2008, na sasa inashikilia takriban asilimia 20. Ndiyo sababu Subaru Trezia ni Toyota Ractis iliyobadilishwa nembo, na anayeinunua ajue kwamba ananunua injini na vipuri vya Toyota.

Heshima iliyopatikana kwenye vumbi

Sifa ya magari haya kwetu haikuletwa na matangazo peke yake, kwa kuwa Safari Rally, mashindano ya magari yanayofanyika Kenya, ilifanya kazi kubwa kuliko bango lolote. Toyota ilishinda mwaka 1984 ikiwa na Björn Waldegård, ikashinda tena miaka miwili iliyofuata, na mwaka 1993 Celica zake zilishika nafasi nne za kwanza, Juha Kankkunen akiwa mbele. Mwaka 1994 mshindi alikuwa Mkenya, Ian Duncan, naye pia ndani ya Toyota. Mashindano yaliporudi katika kalenda ya dunia mwaka 2021, Toyota ilishinda, na katika miaka ya 2022 na 2023 ikazishika tena nafasi zote nne za juu.

Ushindi wa Subaru ni mchache kwa idadi lakini umekaa moyoni mwa watu kwa namna ya pekee. Colin McRae alishinda Safari mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote wakiwa katika Impreza ya buluu, katika kipindi ambacho Subaru ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mara tatu mfululizo, kuanzia 1995 hadi 1997. Kabla ya hapo Mkenya Patrick Njiru alikwishaijengea Subaru jina nyumbani, na mwaka 1993 aliifikisha mwisho Vivio, kigari chenye injini ya sentimita za ujazo 660 tu, akashinda katika daraja lake. Kizazi kilichosimama kando ya barabara kikiwa kidogo na kuona magari yale yakipita ndicho hicho kinachonunua Forester, gari la familia la Subaru lililoinuka kidogo, leo. Nayaheshimu mapenzi hayo, lakini namkumbusha mnunuzi kwamba Impreza ya mashindano ilifunguliwa na kukaguliwa na mafundi kila mwisho wa hatua, na yake haitafunguliwa hivyo.

Madoa

Ulinganisho unaotaja ushindi na kuacha aibu haumsaidii mtu. Gari la kwanza la Toyota kupelekwa Marekani, Crown, mwishoni mwa miaka ya 1950, lilishindwa vibaya kwa sababu halikuhimili mwendo wa barabara kuu za huko, na kampuni ikalazimika kusitisha kuliuza. Subaru 360 ilipofika nchi hiyo hiyo mwaka 1968 ilikutana na lawama kali zaidi kuhusu usalama wake. Kampuni zote mbili zilijifunza kutokana na kushindwa huko, na magari yaliyofuata yalikuwa bora.

Doa kubwa zaidi la Toyota ni la mwaka 2009 na 2010, ilipobidi iyarudishe kwa marekebisho mamilioni ya magari kwa sababu ya mazulia yanayonasa kanyagio la mafuta na kanyagio lenyewe kukwama. Rais wake wa wakati huo, Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro, alihojiwa na bunge la Marekani mwezi Februari 2010, na mwaka 2014 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa kuwa iliwapotosha wateja kuhusu tatizo hilo. Kampuni yake tanzu, Daihatsu, ilisimamisha usafirishaji wa magari yake yote mwezi Desemba 2023 baada ya kubainika kwamba matokeo ya vipimo vya usalama yalikuwa yakichezewa kwa miaka mingi. Hata katika mashindano, mwaka 1995 Toyota ilifungiwa miezi 12 kwa kudanganya katika kifaa cha turbo, yaani mtambo unaosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Kwa upande wa Subaru, mwaka 2017 iligundulika kwamba ukaguzi wa mwisho viwandani Gunma ulikuwa ukifanywa na watu wasio na kibali kinachotakiwa, na mamia ya maelfu ya magari yakarudishwa kukaguliwa upya.

Kuna doa moja linaloyagusa magari ya pande zote mbili, nalo ni la hatari kuliko yote kwa wakazi wa pwani. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, ambayo ilifungwa katika magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000 na ya miaka iliyofuata, ina kilipuzi ambacho huharibika taratibu kwa joto na unyevunyevu, kisha mfuko ukifunguka huweza kurusha vipande vya chuma kumpiga dereva. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja zina joto na unyevunyevu wa aina hiyo mwaka mzima. Gari lililouzwa nje ya Japani kabla ya kubadilishiwa mfuko huo halitafuatwa na mtu, kwa hiyo kuingiza namba ya chesisi katika tovuti ya mtengenezaji na kuangalia kama marekebisho yalifanyika ni kazi ya mnunuzi mwenyewe. Ninaomba kila anayesoma afanye hivyo hata kama gari analo tayari.

Chini ya boneti

Nguvu ya Toyota katika nchi zetu inaweza kuelezwa kwa injini moja tu, 1NZ, ya lita 1.5. Imefungwa katika Vitz, IST, Probox, Fielder, Ractis, Premio na Allion, na hii ina maana kwamba pampu ya maji, plagi, sensa au injini nzima iliyotolewa katika gari moja hulifaa jingine, kwamba fundi wa mji mdogo ameshaifungua mara nyingi, na kwamba Gerezani jijini Dar es Salaam au barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi utapata kipuri kipya, cha nakala na kilichotumika, vyote kwa siku moja. Inatumia cheni ya taimingi, ile inayopatanisha mwendo wa valvu na pistoni, badala ya mkanda. Ukiibadilishia oili kwa wakati haina madai mengi. Kwa mtu anayetumia gari kutafutia riziki, sioni hoja ya kumpeleka kwingine.

Hata hivyo jina la Toyota lisimlaze mtu usingizi. Zipo injini zake zilizojichumia sifa mbaya. Zile za kizazi cha mwanzo cha D-4, hasa 1AZ-FSE ya lita 2.0 iliyofungwa katika baadhi ya Premio, Noah na Voxy, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa msukumo mkubwa, zina pampu ghali isiyovumilia petroli chafu, na hujaza masizi kwenye njia ya hewa. Mafundi wengi huzikwepa. Injini za 1ZZ za miaka ya mwanzo nazo zilijulikana kwa kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Mnunuzi asiridhike kwa kuona neno Toyota kwenye buti, bali aulize herufi na namba za injini.

Upande wa Subaru, injini iliyotawala kwa miaka mingi ni ya familia ya EJ, iliyoanza na Legacy ya mwaka 1989 na kufungwa katika Impreza na Forester. Ni injini yenye nguvu na ulaini wa kipekee, lakini ina mambo matatu ambayo lazima mnunuzi ayapangie bajeti. La kwanza ni gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kati ya hedi na sehemu ya chini ya injini, ambayo hasa katika injini za lita 2.5 za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilivuja mara nyingi kiasi cha kuwa sifa ya kampuni. Na kwa kuwa boksa ina hedi mbili, moja kila upande, kazi huwa mara mbili. La pili ni mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa karibu na kilomita 100,000, na ukikatika injini ikiwa katika mwendo, valvu hupigana na pistoni. La tatu ni upana wa injini yenyewe, kwani hata kubadilisha plagi humlazimu fundi kuingiza mkono mahali pembamba kati ya hedi na ukuta wa boneti, na muda huo utaulipia wewe.

Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2010 Forester isiyo na turbo ilipata injini mpya ya FB, yenye cheni badala ya mkanda. Malalamiko ya gasketi yalipungua sana, ingawa baadhi ya injini za FB za miaka ya mwanzo zilikula oili kupita kiasi, hadi wateja wa Marekani wakaifungulia kampuni kesi. Anayependa Forester ningemshauri aanzie kwenye FB na apime oili kila mara anapojaza petroli, mpaka atakapoijua tabia ya gari lake.

Kuhusu mafuta hakuna ubishi mkubwa. Subaru nyingi huzungusha magurudumu manne wakati wote, hubeba uzito wa mitambo inayofanya hivyo, na kwa sababu hiyo hunywa zaidi kuliko Toyota ya ukubwa huo huo yenye mvuto wa mbele, hasa kwenye foleni za mjini. Toleo la turbo hunywa zaidi ya hapo na hudai oili bora. Kinachosahaulika zaidi ni matairi. Mfumo wa Subaru hudai matairi yote manne yawe ya aina moja, ukubwa mmoja, na uchakavu unaokaribiana, kwa sababu tairi lililo dogo kidogo huzunguka zaidi ya wenzake na kuuchosha mtambo wa kati unaogawa nguvu. Desturi yetu ya kununua tairi moja lililotumika pale jingine linapopasuka, ambayo Probox huivumilia bila kulalamika, ni njia ya uhakika ya kuiharibu Forester.

Lakini nani amewahi kupanda mlima wa udongo mwekundu baada ya mvua ya Aprili, watoto wakiwa kiti cha nyuma, na asithamini gari lisilohitaji dereva abonyeze chochote ili magurudumu yote manne yashike? RAV4 nyingi za Toyota zenye magurudumu manne husubiri ya mbele yateleze kwanza ndipo ya nyuma yaitwe. Subaru huwa imeshayaita. Tofauti hiyo ya nusu sekunde haionekani katika karatasi ya matangazo, lakini huonekana ukingoni mwa mtaro.

Nani anunue nini

Mtu wa mjini anayekwenda kazini na kurudi, mwenye bajeti ya kubana, anunue Toyota yenye 1NZ na asihangaike zaidi. Atakapotaka kuiuza atapata mnunuzi haraka na bei isiyomuumiza, jambo ambalo Subaru haiwezi kwa kiwango hicho. Mfanyabiashara anayebeba mizigo, hivyo hivyo, na asipoteze muda kusoma sehemu nyingine za ulinganisho huu.

Mwenye familia anayetaka gari lililoinuka kidogo ndiye mwenye mtihani wa kweli, kwa sababu kwake Forester na RAV4 hugongana uso kwa uso. Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wa Kenya hukutana nalo bila kulielewa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Toyota iliacha kuuza RAV4 nchini Japani mwaka 2016, ikairudisha mwaka 2019. Kizazi kilichokuwa kikiuzwa kwingineko duniani katikati hapo hakikuuzwa Japani kabisa. Pengo hilo lilijazwa na Toyota Harrier, ambayo ni gari zuri lakini bei yake ni ya juu. Forester haikuwa na pengo kama hilo, na hii ni sababu mojawapo ya kuwa nyingi barabarani Kenya. Tanzania haina katazo la namna hiyo, ila gari lililozidi miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na hesabu yake ifanywe kabla ya kutuma fedha.

Kwa hiyo, ikiwa nyumbani kwako ni Limuru, Kabale, Njombe au Lushoto, na barabara yako ya mwisho haina lami, na katika mji wako yuko fundi ambaye ameshafungua boksa zisizo chache, Forester yenye injini ya FB isiyo na turbo ingekuwa chaguo langu mbele ya RAV4 ya bei hiyo hiyo. Likikosekana mojawapo ya hayo, hasa fundi, ningerudi Toyota bila kusita. Swali la fundi liulizwe kabla ya gari kutafutwa: nenda gereji unayoiamini, uliza wameshabadilisha gasketi za Subaru ngapi, na tazama kama wana magari hayo uani wakati huo.

Ukifika hatua ya kuangalia gari lenyewe, dai karatasi ya mnada kutoka Japani, ile ambayo wakaguzi wa mnada huandika hali ya gari, na ulinganishe namba ya chesisi na mileji iliyoandikwa. Alama ya R au RA ina maana kwamba gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Kwa Subaru ya EJ, inua boneti utafute kibandiko ambacho gereji za Kijapani hubandika kuonyesha tarehe na kilomita mkanda wa taimingi ulipobadilishwa. Kisipokuwepo, hesabu kwamba haujabadilishwa na ukate gharama hiyo kwenye bei. Angalia kama oili inavuja kwenye vifuniko vya hedi na kudondokea ekzosi, kwani harufu yake haifichiki. Pima matairi yote manne, si kwa macho tu. Kwa Toyota, soma namba za injini, chomoa kijiti cha oili, na usikilize mlio wa cheni.

Haya yote yafanywe asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, kwa kuwa gasketi iliyochoka hujisema katika dakika za kwanza, maji ya rejeta yanapoanza kububujika kwenye chupa yake hata kabla ya joto kupanda. Muuzaji akikuambia kwamba ameliwasha kidogo tu kabla hujafika ili betri isilale, mshukuru, mwambie utarudi kesho alfajiri, na kabla ya kuondoka weka kiganja juu ya boneti upate kujua lilikuwa limewaka kwa muda gani.